Boksi la Tatu la Hedby

Espérance, umeniandama tangu siku ile ya keki yangu ya kuagwa. "Mama Wakesho, tuandikie bwana, hata kurasa mbili. Sisi tunapewa karatasi za maelekezo tu, hakuna anayetuambia kazi yenyewe." Haya, nimekaa. Nimestaafu, mvua ya Hässelby inapiga dirisha, binti yangu ameniuliza kwa Kiswidi naandika nini nami nimemjibu kwa Kiswahili kwamba hayamhusu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ninyi watatu mlioingia ghalani baada yangu mnakielewa, kila mmoja kwa namna yake, na pia kwa sababu ninayotaka kuyasema sikuwahi kuyasema vizuri kwa Kiswidi. Yakihitajika kwa Kiswidi, mtafasiri wenyewe.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini. Sikupandishwa sana, na mshahara ni siri ya mtu na tumbo lake. Nitaandika juu ya kazi, juu ya Birger aliyenifundisha, na juu ya boksi moja. La boksi ndilo kubwa, lakini mkinisoma kwa haraka hamtalielewa, kwa hiyo tulieni.

Kabla ya ghala nilisafisha ofisi kule Kista miaka minne. Nilimfuata mume wangu aliyekuja Uswidi kusoma, na nilipofika nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Wundanyi, milima ya Taita, mwenye vyeti ambavyo hakuna aliyevitaka. Mapema miaka ya elfu mbili, shule ya lugha ikanipeleka kufanya mazoezi ya kazi kwenye hifadhi ya nyaraka. Nilidhani ni mahali pa kompyuta. Lo! Nikateremshwa kwa lifti mpaka ndani ya mwamba. Ghala lote limechimbwa kwenye jiwe, ninyi mnalijua, ubaridi uleule Julai na Januari. Siku ya kwanza nilivaa blauzi nyepesi, kwa heshima ya ofisi. Kufikia saa nne meno yanagongana. Birger akanitazama, akavua sweta lake la kahawia lenye tundu kwenye kiwiko, akanipa. Kesho yake nikaja na langu.

Birger alikuwa mrefu, amepinda mgongo kwa kuinamia rafu za chini, na alisema maneno machache hata kwa Mswidi, nanyi mnajua hicho ni kiwango gani. Mimi nilishindwa kumwita Birger tu. Mtu wa umri ule! Nikawa namwita Mzee Birger. Aliponiuliza maana yake nikamwambia ni heshima. "Maana yake ni kizee," akasema, kwani alikwenda kuuliza. Nikamwambia ndiyo, kwetu ni kitu kilekile. Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, na tangu hapo akataka aitwe hivyo.

Alinifundisha mambo matatu. La kwanza, kusoma mwandiko wa kale. Usianze na mwanzo wa barua, anza na vitu unavyovijua: majina ya miezi, "ndugu mpendwa", "Mungu". Ukishajua mwandishi anavyoandika "Mungu", yaani "Gud" kwa Kiswidi, umempata herufi tatu. Tulifanya hivyo kila mapumziko ya kahawa, yeye na kalamu ya risasi, mimi na miwani yangu. La pili, mikono miwili, boksi moja. Anayebeba maboksi mawili kuokoa safari ataangusha mawili.

La tatu ni kadi. Mnaiona leo kama jambo la kizamani kwa sababu mashine inawalilia ikiwa hamjapitisha mwanga juu ya namba. Wakati ule ilikuwa kadi ya njano ya karatasi ngumu. Ukitoa boksi kwenye rafu, unaacha kadi palepale penye pengo: namba ya boksi, tarehe, limekwenda wapi, na herufi mbili za jina lako. Halafu unaandika vilevile kwenye daftari la safu. Birger alisema, "Kilichoibiwa angalau kina mtu anayejua kiko wapi. Kilichorudishwa pasipo pake hakijulikani na yeyote. Kimekufa, na kipo humuhumu ndani." Sikuwahi kumwona akigusa boksi bila kadi, hata likiwa la kusogeza kidogo tu.

Sasa Hedby. Hedby ni kitongoji huko Minnesota, Marekani. Msifikirie kijiji chenye njia panda na duka. Kule serikali ilipima nchi kwa kamba, ikakata miraba, maili sita kwa maili sita, kisha ndani ya mraba wakaja watu. Waliokuja kwenye mraba ule walikuwa Waswidi wa parokia moja, maskini wa mawe na viazi, wakaupa jina la kwao. Ilikuwa kama lokesheni ya kwetu Kenya, ila haina chifu. Mara moja kwa mwaka, mwezi Machi, wenye mashamba wote hukutana kwenye chumba kimoja, wanachagua wasimamizi watatu na karani mmoja, wanagombana juu ya barabara, wanakunywa kahawa, wanakwenda zao. Hiyo ndiyo serikali yao nzima.

Nilijua haya kwa sababu karani wao wa kwanza, Nils, alimwandikia kaka yake aliyebaki Uswidi kila majira ya baridi, miaka zaidi ya thelathini. Kizazi cha yule kaka kilituletea barua zote. Zilikaa kwenye maboksi matatu ya kijivu. Kulikuwa na barua za kuzaliwa, za ng'ombe, za panzi waliokula ngano mpaka na mipini ya majembe kwa ajili ya chumvi ya jasho. Barua nne nzima zilihusu daraja. Wa upande wa mashariki walitaka lijengwe mashariki, wa magharibi wakakataa kutoa mbao, na watu wakavuka kijito kwa miguu miaka tisa kwa ukaidi mtupu. Nils aliandika, "Hapa kila mtu ni huru, kwa hiyo hakuna daraja." Nilicheka peke yangu ndani ya mwamba. Nilimwona mjomba wangu na mfereji wa maji wa kwetu, ugomvi uleule, watu walewale. Walikuwa wakarimu kwenye msiba na wagumu kwenye mambo yote mengine. Jirani hawezi kukukopesha shoka, lakini ukifiwa atakuja kukuchimbia kaburi kwenye ardhi iliyoganda, akiwasha moto juu yake usiku na mchana mpaka udongo ulainike.

Nikazipenda barua zile. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kubeba, si kusoma. Kila chakula cha mchana, badala ya kupanda juu na wenzangu, nilibaki chini. Nilikuwa na pahali pangu kwenye ngazi ndogo, karibu na nguzo, katikati ya vitabu vikubwa vya kodi visivyoombwa na mtu, maana taa ya pale ilikuwa nzuri. Nilichukua boksi, nikasoma, nikarudisha. Kadi sikuandika. Ningeandika nini? Limekwenda wapi, kwa Wakesho na mkate wake? Nilijiambia nusu saa haihitaji kadi. Jamani, msinifanye niandike mara ngapi nilijiambia hivyo.

Nilikuwa kwenye boksi la tatu, mwaka wa dondakoo. Nils alikuwa ameandika kwamba ugonjwa wa koo umeingia Hedby, kanisa lao la mbao limeungua na kitabu chake, mchungaji amekwenda na hajapatikana mwingine. Aliandika: "Kwa kuwa hapa hatuna tena kitabu, nakuandikia wewe majina ya watoto wetu waliotutoka, ili yakae mahali." Nilikuwa nimefika hapo, kwenye sentensi hiyohiyo. Simu ya ukutani ikalia. Alikuwa dada yangu, ameunganishwa kutoka juu. Mama yetu amefariki.

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka nilifunga boksi, nikalisukuma kwenye pengo lililokuwa usoni pangu, kati ya vitabu viwili vya kodi. Nilipanda juu. Birger mwenyewe ndiye aliyeniita teksi, akaniletea koti. Siku mbili baadaye nilikuwa Wundanyi, tukazika, nikakaa matanga, nikakaa na zaidi. Boksi halikunijia akilini hata mara moja, na kwa hilo sijilaumu. Mtu aliyefiwa na mama haulizwi habari za maboksi.

Mwezi ule ule niliokuwa Kenya, ghala lilipangwa upya. Ndipo zilipoletwa zile rafu za kusukumwa kwa usukani. Safu nzima zilihamishwa, nyingine zikapelekwa ghala la nje ya mji. Niliporudi sikuitambua sehemu yetu. Nguzo zilikuwa zilezile lakini kilichozizunguka kilikuwa kingine, na mimi sikuwa nimewahi kujua namba ya safu ile. Niliijua kwa nguzo, kwa taa na kwa ngazi. Wiki ya pili nikakumbuka. Nikaenda mbio mahali pa Hedby. Boksi la kwanza lipo, la pili lipo, baada yake pengo, wala hapana kadi.

Nilitafuta peke yangu, kwa wizi, wiki kadhaa. Nilipitia vitabu vyote vya kodi vilivyokuwepo. Sikuuliza vingine vimekwenda wapi, kwa sababu ningeuliza, ningeulizwa kwa nini nauliza. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi sita sita. Mume wangu alikuwa amekwisha kuondoka kwangu kufikia hapo, na watoto walikuwa wawili. Niliona nikirudi Kista na ndoo. Nikasema moyoni, nani anaomba Hedby? Hakuna anayeomba Hedby.

Oktoba akaja Vernon.

Alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu, masikio makubwa, mikono ya shamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Alikuwa karani wa Hedby, wa mwisho. Kiswidi alijua sala ya mezani tu, basi, aliyofundishwa utotoni, na aliisema yote kwa mtu wa mapokezi ili kuonyesha kwamba yeye ni wa hapa. Wakaniita mimi kwa ajili ya Kiingereza. Alikuwa ameandikiana nasi tangu majira ya kuchipua, ameomba maboksi matatu, na amekata tiketi ya ndege ya kwanza maishani mwake.

"Mama," akaniambia tulipokaa meza ya dirishani, "nikueleze ninachotafuta, ili tusipotezeane muda." Akatoa picha. Ilikuwa ya uwanja wa nyasi uliozungukwa na mahindi. Kando ya mawe ya makaburi kulikuwa na matuta madogo kumi na moja, yamepangwa mstari mmoja, bila kitu juu yake. "Yalikuwa na misalaba ya mbao. Ilioza kabla ya mimi kuzaliwa. Ni watoto wa mwaka mmoja. Hatujui ni nani na nani."

"Hakuna kitabu cha kanisa?" nikauliza, kana kwamba sijui.

"Kiliungua. Lakini kitabu cha mikutano yetu tunacho, na karani wa kwanza ameandika ndani yake kwamba majina amemwandikia kaka yake, Uswidi. Nimeusoma mstari huo kila mwaka kwa miaka arobaini." Akageuza kofia yake mikononi. "Machi iliyopita tulikutana watu tisa. Hakuna aliyetaka kugombea chochote, wote tumechoka. Tukapiga kura kuvunja kitongoji, tuwe chini ya kaunti. Lakini tulisema kwanza jiwe liwekwe, lenye majina. Huwezi kufunga nyumba na watoto wako nje hawajulikani."

Nikamwambia huenda vitabu vya parokia ya hapa vingesaidia. Akatikisa kichwa. Watoto walizaliwa kule. Hapa hawakuandikwa kamwe. Halafu akanieleza kitu ambacho mimi Mtaita nilikielewa kuliko yeye alivyodhani, kwani kwetu nasi majina hurithiwa. Wale Waswidi, mtoto akifa, anayezaliwa baada yake anapewa jina lake. Kwa hiyo wa kwanza anafutika. Wajukuu hawajui kama kulikuwa na mwingine. "Babu yangu aliitwa Karl," Vernon akasema. "Alipokuwa mzee sana alianza kusema kwamba jina hilo si lake, ni la mwenzake aliye kule kwenye nyasi. Tulidhani akili imemtoka. Sasa mimi ni mzee kama yeye, nataka kujua kama kuna Karl pale."

Nikateremka chini. Nilisimama mbele ya pengo kama mtu anayengoja lifunguke. Nikapanda na maboksi mawili, moja moja, safari mbili, kama nilivyofundishwa. Kwa adabu hizo ndogo nilikuwa hodari.

"La tatu?" akauliza.

"Halipo mahali pake."

"Halipo leo, au halipo kabisa?"

"Linatafutwa," nikasema. Na kweli lilianza kutafutwa. Mkuu wa kitengo akateremka na daftari la safu. Jina la mwisho kuandikwa kwa boksi la tatu lilikuwa la Birger, aliyelipeleka kwa msomaji fulani majira ya baridi na kulirudisha. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa sawasawa, lakini herufi za mwisho zilikuwa zake. Mkuu akamuuliza mbele yetu sote kama ana uhakika alilirudisha. Birger akalitazama daftari. Angeweza kusema ana uhakika, kwa kuwa alikuwa nao. Akasema, "Kama la mwisho ni mimi, basi ni mimi."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nikachukua ombi lililofuata, nikaenda kulitafutia boksi.

Vernon alisoma boksi la kwanza na la pili kwa msaada wangu. Nilimsomea habari za panzi, akapiga meza kwa furaha. Nilimsomea habari za daraja, akacheka mpaka akatoa leso. "Lile daraja! Hata leo watu wa magharibi hawalitumii, wanazunguka!" Alivyofurahi ndivyo nilivyozidi kuumia. Mtu alikuwa anapata kwa mikono yangu kila kitu isipokuwa kile alichokijia, na hicho nilikuwa nimekitupa mimi.

Jumatano, wakati wa kahawa, Birger akaja kukaa nami. Tulikuwa wawili tu. Alivunja biskuti yake vipande vinne, kama kawaida yake. Halafu akauliza, bila kunitazama, "Wakesho, kuna chochote unachotaka kuniambia kuhusu Hedby?"

Nimeyapima maneno yale mara nyingi kuliko maneno yoyote niliyowahi kuambiwa. Hayakuwa makali. Lilikuwa swali la mtu anayekushikia mlango.

"Hapana, Mzee," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akamaliza biskuti, akaondoka. Mnajua wahenga walivyosema, mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeufundisha msemo huo darasani, nikiwaeleza watoto maana yake ubaoni.

Ijumaa Vernon alinipa mkono. Alisema nimepanda na kushuka sana kwa ajili yake, na kwamba si kosa la mtu, vitu huzeeka na kupotea. Alisema, "Likionekana, nijulishe. Mimi nipo." Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikamwonyesha njia ya kituo cha treni, kisha nikaingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kazini. Kulikuwa na maombi manane yanangoja.

Birger alistaafu majira ya kuchipua yaliyofuata. Kulikuwa na keki, na mkuu akatoa hotuba fupi. Aliingiza mzaha kwamba katika miaka yote ile Birger alipoteza boksi moja tu. Watu walicheka vizuri, bila ubaya. Birger naye akatabasamu. Nilikula keki ile. Niliimeza yote.

Miaka ikapita, na mimi nikapewa mkataba wa kudumu. Nikawa ninayefundisha wengine, wewe Espérance ukiwa mmojawao, na mlikuwa mkinicheka kwa ukali wangu wa kadi. "Mama Wakesho na kadi zake!" Sasa mnajua ulitoka wapi ule ukali.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu, mtu mmoja wa chuo kikuu aliomba vitabu vya kodi vya wilaya fulani. Havikuwa vimeombwa tangu vihamie ghala la nje. Vikaletwa na gari la asubuhi, nami nikavipokea na toroli. Kati ya cha nne na cha tano kulikuwa na boksi la kijivu. Sikuhitaji kusoma namba. Nililifungua palepale pa kushushia mizigo, nimesimama, mlango wa gari uko wazi na ubaridi unaingia. Barua ilikuwa juu, kama nilivyoiacha. Nikaendelea kutoka kwenye sentensi niliyokatizwa.

Majina kumi na moja, kila moja na umri wake, na jina la baba. Wa tano alikuwa Karl, miaka mitatu. Nils aliongeza kando yake: "Huyu alikuwa ameanza kuimba."

Nilikwenda kwa mkuu siku ileile. Alikuwa mkuu mpya, kijana, mwenye mambo mengi. Nilimwambia yote, ngazi, mkate, kadi, Birger. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka. Akasikiliza, akasema, "Vizuri kwamba limeonekana. Liingize kwenye mfumo." Basi! Hicho tu ndicho nilichokuwa nakiogopa miaka yote. Nilitoka pale nimekasirika kama mtu aliyetukanwa.

Barua niliyomwandikia Vernon haikujibiwa. Nikaandikia kaunti, wakanijibu kwamba kitongoji chenye jina hilo hakipo, ila barua yangu wameipeleka kwa binti wa karani wa zamani. Baada ya mwezi binti akaandika. Alisema baba yake alifariki majira ya baridi ya pili baada ya safari. Jiwe waliliweka kabla ya kuvunja kitongoji, kwa sababu tarehe ilikuwa imefika. Limeandikwa: Watoto kumi na mmoja wa Hedby, Mungu anawajua. Alishukuru kwa majina. Aliandika kwamba hajui amuulize nani juu ya kuyachonga. Wasimamizi wa makaburi walikuwa Hedby, na Hedby imekwisha, na kaunti wanakata nyasi tu. Mwishoni aliandika: "Baba alimuulizia Karl mpaka hospitali. Manesi walidhani ni ndugu yangu."

Jumamosi iliyofuata nilipanda treni kwenda Upplands Väsby. Birger anaishi huko, ghorofa ya kwanza, peke yake, akili timamu, miguu mibovu. Nilibeba nakala ya barua ya Nils. Hakushangaa kuniona. Alitengeneza kahawa, mimi nikabeba vikombe, maana yeye ana fimbo. Nikasema. Safari hii nilisema kila kitu, na kwa Kiswidi changu chote.

Alipokwisha kusikia akasema, "Nilijua ni wewe. Nilikuwa nakusikia kule chini kila mchana, ukicheka. Sikujua uliliweka wapi."

"Kwa nini hukuniambia? Kwa nini ulikubali lawama?"

"Nilikuuliza," akasema. "Ulikuwa umetoka kuzika mama yako. Sikutaka kukuvua nguo mbele ya watu. Niliona ni afadhali useme mwenyewe." Akasogeza kikombe chake. "Hilo lilikuwa kosa langu mimi. Nilifikiria wewe na mimi. Sikumfikiria yule aliyekaa dirishani."

Nikamwomba msamaha. Akasema la jina lake lilikwisha zamani, na hilo lingine, la Vernon, si lake kulisamehe. Hakulisema kwa ukali. Kisha akaomba nimsomee majina, nikayasoma, naye akayasikiliza amefumba macho. Nilipofika kwa Karl aliniomba nirudie alivyoandika Nils.

Nilipokuwa navaa koti nikamuuliza kitu ambacho pengine nisingeuliza. Nilimuuliza, kama ningemjibu vingine pale kwenye kahawa, ingechukua muda gani?

Birger hasemi saa bila kuikokotoa. Alitazama ukutani kama anayesoma daftari. "Orodha ya kuhamisha safu ilikuwa kwenye droo yangu," akasema. "Nguzo, taa, ngazi ndogo. Hiyo ilikuwa safu ya ishirini na sita. Ilikwenda nje. Gari la kwenda kule lilikuwa linaondoka saa saba. Kabla hatujafunga lingekuwa mezani kwa Vernon."

Ilikuwa Jumatano. Vernon aliondoka Ijumaa.